Mgonjwa ameumizwa hospitalini: usuluhishi, baraza la kitaaluma au mahakama?

Mama ameingia leba na ujauzito usio na tatizo, akatoka na mtoto aliyechelewa kulia, na mwaka mmoja baadaye mtoto bado hakazi shingo. Au dada amejifungua kwa upasuaji, na baada ya wiki kadhaa za homa na maumivu anapasuliwa tena kutolewa kipande cha gozi, kitambaa cha kufyonzea damu, kilichosahaulika tumboni. Familia inajua kuna jambo halikwenda sawa. Isichojua ni pa kulipeleka. Kaka anataka kesi. Shemeji anataka daktari afutiwe leseni. Mama mkubwa anasema twende tukakae nao, watueleze walichomfanyia mtoto wetu.

Wote watatu wana hoja, na sheria za Tanzania Bara zina nafasi kwa kila mmoja wao. Ugumu ni kwamba njia hizi hazitoi kitu kimoja, na anayeingia ya kwanza aliyoisikia anaweza kutumia miaka miwili akitafuta mahali ambapo alichokitaka hakipatikani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa familia nyingi, hasa yenye mgonjwa aliye hai na anayehitaji matunzo ya muda mrefu, usuluhishi ndio wa kujaribiwa kwanza. Lakini una masharti mawili: nakala ya faili la mgonjwa iwe mkononi mwenu, na muda wa kufungua kesi usiwe unaisha huku mnazungumza. Yakikosekana hayo, mtakaa mezani na watu wanaojua kila kitu ilhali nyinyi hamjui chochote, tena wanaojua kwamba kesho hamtakuwa na pa kwenda.

| | Usuluhishi | Baraza la kitaaluma | Mahakama |
|---|---|---|---|
| Anayeamua | Pande zenyewe | Baraza | Jaji au hakimu |
| Mnachoweza kupata | Maelezo, kuombwa radhi, fidia, matibabu ya kuendelea | Mtaalamu kuonywa, kusimamishwa au kufutwa | Hukumu na fidia ya fedha |
| Msichoweza kupata | Kumlazimisha asiyetaka | Fidia | Kuombwa radhi kwa dhati |
| Faragha | Ni siri | Inategemea hatua ya shauri | Ni wazi kwa umma |

Kila njia ina swali lake

Baraza linauliza: je, mtu huyu anafaa kuendelea kutibu watu? Kwa madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, mahali penyewe ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Zingatieni hilo, kwa sababu katika mashauri ya leba aliyekuwa zamu usiku mzima mara nyingi ni mkunga, na daktari ameitwa mwishoni. Malalamiko yakipelekwa kwenye baraza lisilomhusu mtu huyo yatarudi bila kusikilizwa. Zanzibar nayo ina mabaraza yake.

Uzuri wa baraza ni kwamba halidai wakili, na uchunguzi linaufanya lenyewe. Mnaandika mlichokiona, mnaambatisha mlicho nacho, nalo lina nguvu ya kuita watu na nyaraka. Likimkuta na kosa linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Ila mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapati hata shilingi ya mazoezi tiba kutokana na uamuzi huo.

Mahakama inauliza swali jingine: je, kulikuwa na uzembe, uzembe huo ndio ulioleta madhara, na madhara hayo ni ya kiasi gani? Hapa wengi hukwama. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi uzembe. Tangu uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1957 katika shauri la Bolam, mahakama zinazofuata mapokeo hayo hutazama kama daktari alitenda kama ambavyo madaktari wenzake wenye uwezo na uangalifu wangetenda. Maana yake ni kwamba mnahitaji daktari mwingine aje aseme mbele ya jaji: hapa mwenzangu alikosea. Katika nchi yenye mabingwa wachache, wengi wao wakiwa wamesoma na kufanya kazi pamoja, kumpata shahidi huyo ni kazi. Wapo wanaokubali, na wanastahili heshima, lakini msipange kesi kwa kudhani atapatikana tu.

Usuluhishi unauliza: sasa tufanye nini? Si lazima mthibitishe kila kitu. Mnahitaji ushahidi wa kutosha kuifanya hospitali ione kwamba kuzungumza ni bora kuliko kusubiri kesi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kupima ni kama ukweli wenyewe unabishaniwa. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa: aliyetakiwa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Kwenye tukio la aina hiyo hakuna haja ya shahidi mtaalamu kueleza kama kosa limetendeka. Linalobaki ni nani atalipa, atalipa nini, na nini kibadilishwe ili lisirudie. Gozi lililosahaulika tumboni liko upande huo huo. Mashauri kama hayo yanafaa sana kwa usuluhishi, na kuyapeleka mahakamani moja kwa moja mara nyingi ni kupoteza muda wa mgonjwa.

Mtoto aliyechoka tumboni hayuko upande huo. Hospitali itasema tatizo lilianza wakati wa ujauzito, mama alichelewa kufika, au mtoto alikuwa na maambukizi. Huenda ni kweli. Hapo jibu lipo kwenye karatasi.

Patografu na nafasi zilizo wazi

Patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa leba, ni ukurasa mmoja tu, na kwa shauri la leba ndio ukurasa wa maana kuliko yote kwenye faili. Juu kabisa huandikwa mapigo ya moyo ya mtoto, yanayotakiwa kupimwa kila nusu saa uchungu unapokuwa umekolea. Katikati kuna alama za kufunguka kwa njia ya uzazi, inayopimwa kila baada ya saa nne, zikipanda karibu na mistari miwili ya mshazari: mstari wa tahadhari, na mstari wa hatua ulio saa nne mbele yake. Alama zikivuka wa kwanza, mama aliye zahanati au kituo kisicho na upasuaji hupelekwa mbele. Zikifika wa pili, uamuzi hautakiwi kusubiri asubuhi. Baadhi ya vituo vimeanza kutumia mwongozo mpya wa WHO wa mwaka 2020, wenye sura tofauti, lakini kazi yake ni ile ile.

Sasa chukulia patografu ya mama aliyeingia saa mbili usiku. Mapigo yameandikwa saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu, mpaka saa nne. Kisha hakuna kitu. Alama inayofuata iko saa kumi alfajiri, mapigo yameshuka mpaka 90, na pembeni maneno "daktari aitwe". Saa sita nzima hazina mwandiko wa mtu. Mkunga anaweza kuwa alikuwa peke yake na akina mama kumi, na hilo linabadilisha lawama iende kwa nani, lakini halijazi nafasi zile. Mara nyingine kinyume chake ndicho kinachotia shaka: kila nusu saa imejazwa, wino mmoja, mwandiko mmoja usiotetereka, mapigo 140, 140, 140 mpaka mtoto anazaliwa akiwa hoi. Daktari wa kujitegemea mtakayemlipa mara moja akae nalo faili hili kwa saa moja atawaambia mengi kuliko barua kumi za malalamiko.

Hapa njia tatu zinatofautiana sana. Mahakama inaweza kuamuru nyaraka zitolewe. Baraza linaweza kuziitisha. Msuluhishi hawezi kumlazimisha mtu kutoa hata karatasi moja. Kwa hiyo anayetaka usuluhishi ndiye anayepaswa kuliwahi faili kuliko wote. Mwandikieni mganga mfawidhi barua ya kuomba nakala ya faili lote: patografu, fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji, chati za dawa, maelezo ya wauguzi, majibu ya vipimo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake, itajeni kwenye barua. Fanyeni hivyo kabla ya kutamka neno kesi. Si kwamba kila hospitali itaficha kitu; faili huwa linapatikana kwa urahisi zaidi kabla watu hawajaanza kujihami.

Usuluhishi kabla ya kesi, au ndani ya kesi?

Watu huuzungumzia usuluhishi kama kitu kimoja. Kwa vitendo ni viwili, na kuchagua kati yake ni muhimu kama kuchagua kati ya usuluhishi na kesi.

Wa kwanza ni wa hiari, kabla hamjafungua chochote. Mnakubaliana na hospitali, mnamtafuta msuluhishi mnayemwamini nyote, mnagawana gharama zake au hospitali inazibeba, mnakaa. Ni haraka na hauna kelele, na kama mgonjwa bado anatibiwa hapo hapo, uhusiano haukatiki. Udhaifu wake ni kwamba mkikubaliana, hati yenu ni mkataba tu. Hospitali isipolipa, mtalazimika kuishitaki kwa kuvunja mkataba.

Wa pili ni ule wa mahakama. Tangu miaka ya 1990 Sheria ya Mwenendo wa Madai imekuwa na utaratibu wa usuluhishi, na kanuni zake zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Baada ya hati ya madai na majibu kukamilika, shauri hupelekwa kwa msuluhishi kabla ya kusikilizwa. Hatua hiyo haitakiwi kuzidi siku 30 tangu kikao cha kwanza. Asiyehudhuria bila sababu hujiweka hatarini: mdai anaweza kufutiwa shauri, mdaiwa anaweza kufutiwa utetezi. Mkielewana, makubaliano husajiliwa na kuwa amri ya mahakama, inayokazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya sheria, kama hukumu nyingine, na amri ya maelewano haikatiwi rufaa. Fidia ya hukumu ya kawaida inaweza kushindaniwa Mahakama ya Rufani kwa miaka. Amri ya maelewano inakomea pale pale.

Kwa hospitali binafsi, napendelea kuanza na wa hiari, lakini kwa tarehe iliyoandikwa. Miezi mitatu inatosha kujua kama upande wa pili una nia. Ikipita wanaahirisha tu, fungueni kesi. Mahakama yenyewe itawarudisha kwenye usuluhishi, safari hii kukiwa na mtu wa kuuliza mbona hamkuja.

Kwa hospitali za umma hesabu inabadilika. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, hata kwa mashauri ya halmashauri. Wengi huiona notisi hiyo kama kikwazo. Mimi naiona kama dirisha la mazungumzo ambalo sheria imelifungua yenyewe: madai yamewekwa kwa maandishi, ofisi zote zinazohusika zimepata nakala, na kuna miezi mitatu. Ndani ya notisi andikeni waziwazi kwamba mko tayari kusuluhishwa.

Ni nani amekaa upande wa pili wa meza

Mganga mfawidhi anaweza kueleza kilichotokea. Anaweza kuomba radhi, kubadilisha ratiba ya zamu, kumpangia mtoto kliniki. Hana mamlaka ya kuahidi fedha za Serikali. Mashauri ya madai dhidi ya Serikali husimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na bila mtu wake mezani, au barua yake, kikao cha fidia na hospitali ya umma huishia kwenye maneno mazuri. Kwa hospitali binafsi yenye bima ya dhima ya kitaaluma, anayeshika fedha ni kampuni ya bima. Kabla ya kukubali tarehe ya kikao, ulizeni kwa maandishi: atakayekuja ana mamlaka ya kukubali kiasi gani?

Uingereza walianzisha huduma ya usuluhishi kwa madai ya hospitali za umma Desemba 2016, chini ya taasisi ambayo sasa inaitwa NHS Resolution, na takriban robo tatu ya mashauri yaliyosuluhishwa katika miaka ya mwanzo yalimalizika siku hiyo hiyo au ndani ya siku 28. Huko taasisi inayoleta mezani hoja ya hospitali ndiyo hiyo hiyo inayolipa. Kwetu watu hao ni tofauti, na kikao kinachowakosa hakiwezi kwenda kasi hiyo.

Kikao chenyewe kwa kawaida huanza wote mkiwa chumba kimoja. Familia inasema kwanza. Msimpe wakili dakika hizo zote. Aliyekuwepo usiku ule, mama mwenyewe au aliyemsindikiza, aseme kwa maneno yake, na kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama pia, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kunyamazishwa na Kiingereza cha kitabibu. Baadaye msuluhishi huwatenganisha, anakwenda chumba hiki na kile. Mnachomwambia faraghani hakipeleki upande wa pili mpaka mmemruhusu. Yeye si hakimu, na kwenye usuluhishi wa mahakama si yeye atakayesikiliza kesi ikishindikana. Mkiona anawasukuma mkubali, mna haki ya kusema hapana na kuondoka.

Yanayosemwa humo hayatumiki kama ushahidi baadaye. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko fedha. Daktari anayeshauriwa na wakili wake asiseme neno, humo ndani anaweza kumtazama mama na kumwambia: nilipaswa kuitwa saa sita, na hata nilipoitwa nilichelewa, nisamehe. Hukumu haiwezi kumpa mama huyo maneno hayo. Baraza nalo linaweza kumwadhibu daktari lakini haliwezi kumfanya aje.

Ila msiende wanyonge. Hospitali itakuwa na mwanasheria wake, daktari wake na uzoefu wa vikao vingine. Nendeni na wakili, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Mzee wa familia anayeheshimiwa naye aje, mradi aelewe kwamba kazi yake si kuwahimiza mkubali yaishe.

Rambirambi na hati ya kusaini

Hili nalisema kwa uzito wake. Baada ya kifo, uongozi wa hospitali ukifika msibani na bahasha, huo ni ubinadamu, upokeeni. Ukifika na bahasha na karatasi ya kusaini, msisaini siku hiyo. Karatasi inayosema mmepokea kiasi fulani na hamna dai lolote tena si hati ya rambirambi, ni hati ya kumaliza shauri. Mtu aliyefiwa juzi hayuko katika hali ya kujadili thamani ya haki yake. Msuluhishi wa kweli hatakaa nanyi siku ya tatu ya msiba.

Kuhusu kiasi, mahakama ina nidhamu ambayo usuluhishi hauna. Fidia mahususi, yaani gharama mlizotumia, lazima itajwe na kuthibitishwa: risiti za dawa, nauli, barua ya mwajiri kuhusu mshahara uliopotea. Fidia ya jumla, ya maumivu na maisha yaliyoharibika, hupangwa na jaji kwa busara yake. Wekeni hesabu hizo hata mkienda kwenye usuluhishi, la sivyo mtajadili namba iliyotoka kichwani mwa mtu. Kwa upande wa pili, mahakama hutoa fedha na karibu hakuna kingine, na hukumu dhidi ya Serikali haikazwi kwa kukamata mali. Hakuna dalali atakayechukua gari la wagonjwa.

Mezani mnaweza kupata vitu ambavyo jaji hana kawaida ya kuviamuru: mazoezi tiba ya mtoto kila wiki mpaka umri mtakaokubaliana, bima ya afya ya familia, kiti cha magurudumu kinachobadilishwa anavyokua, malipo kwa awamu. Kwa shauri la gozi mnaweza kudai hospitali itumie kikamilifu orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, ile yenye vipengele 19, inayotaka zana, gozi na sindano vihesabiwe kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Familia nyingi hutaka hilo kwa dhati, kwamba yaliyowapata wao yasimpate mwingine. Liandikeni kama sharti, pamoja na tarehe na mtu wa kuliripoti.

Muda hausubiri mazungumzo

Dai la uzembe lina ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda. Kukaa mezani hakusimamishi hesabu hiyo, na malalamiko barazani hayaisimamishi pia. Familia zinazosikitisha zaidi ni zile zilizoandikiana barua za kistaarabu na hospitali mpaka mwaka wa nne. Kwa mtoto, hesabu huanza anapotimiza miaka 18, lakini msistarehe: madai ya wazazi wenyewe, kama gharama walizolipa, hayana nafuu hiyo, na baada ya miaka kumi na nane mkunga amestaafu na faili limeliwa na mchwa. Kwa hospitali ya umma, ondoeni siku 90 za notisi kwenye hesabu yenu na mpange kurudi nyuma.

Wasomaji wa Kenya wana hali ngumu zaidi hapa. Dhidi ya hospitali binafsi ni miaka mitatu, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza upatanishi, ndio usuluhishi kwa jina la huko, na upatanishi unaosimamiwa na mahakama ulianza Milimani, Nairobi, mwaka 2016, ukiwa na siku 60. Malalamiko dhidi ya daktari huenda KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko. Kwa hospitali ya serikali huko, singeshauri mtu azungumze zaidi ya miezi michache bila kesi kuwa imefunguliwa.

Pale ambapo siri ni tatizo

Usiri unaomwezesha daktari kusema ukweli ndio huo huo unaoweza kumficha daktari hatari. Kama mnajua, kwa uhakika na si kwa uvumi wa mtaani, kwamba huyu ni mgonjwa wa tatu, au mtu alikuja zamu amelewa, au kituo kinafanya upasuaji bila mtu wa usingizi, msianze na meza. Anzeni na baraza, na kwa hospitali binafsi mtaarifu pia mganga mkuu wa mkoa. Uzembe uliokithiri unaweza kuwa jinai, na hapo ni polisi. Fidia yenu inaweza kufuata baadaye kwa usuluhishi. Njia hizi hazizuiani.

Kwa sababu hiyo, hati yoyote ya makubaliano isomwe kutafuta kifungu kimoja: kile kinachowataka mwondoe au msipeleke malalamiko barazani. Kiasi cha fedha kinaweza kubaki siri, hilo halina ubaya. Haki ya kulieleza baraza kilichotokea haiuzwi, na wakili wenu akikuta kifungu hicho akifute kabla ya kalamu kushikwa. Kama hospitali inagoma kukifuta, mrudi kwenye tarehe mliyojiwekea, mfungue kesi, na malalamiko yapelekwe barazani wiki hiyo hiyo.